Picha Iliyolazwa Kifudifudi

Mjomba wangu hakuwahi kuua hata mende. Nalisema hili kwa uhakika wa mtu aliyewaona mende wa duka lake, walivyonona, walivyokatiza mbele ya cherehani bila haraka kama wenye nyumba. Mkewe ndiye aliyewakimbiza na kandambili. Yeye aliinua miguu ili wapite.

Lakini ungemuuliza mtu yeyote wa mtaa wetu miaka ile, angetazama huku na huku kwanza, kisha angekunong'oneza kwamba yule fundi cherehani wa pale kona ni muuaji wa kukodiwa. Walimwita Koti. Jina lake halisi walilisahau kabisa, na mimi mwenyewe nilipokuwa nikienda dukani kwake niliulizwa njiani, "Unakwenda kwa Koti? Peke yako?" Niliwajibu kwa ukali, kwa sababu mimi sina subira na upuuzi, lakini upuuzi una miguu mirefu kuliko yangu.

Mambo yalianza na filamu. Walikuja watu na kamera zao wakapanga nyumba nzima karibu na kituo cha treni, wakasema wanatengeneza hadithi ya muuaji anayepokea kazi zake nyuma ya baa. Filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa makusudi, ili vivuli viwe virefu na nyuso ziwe ngumu. Walihitaji koti la muuaji, refu, jeusi, lenye ukosi wa kusimama, na Mjomba akapewa kazi ya kulishona. Alilishona kwa moyo wote. Siku ya kulichukua, mwongozaji wa filamu aliingia dukani akamkuta Mjomba amelivaa mwenyewe, anajiangalia kwenye kioo kama mabega yamekaa sawa.

Niseme ukweli kuhusu sura ya Mjomba. Ni ndefu, mashavu yameingia ndani, na macho yake hayapepesi upesi kwa sababu yamezoea kuifuata sindano. Akikutazama tu anafikiria mzunguko wa kifua chako, wewe utadhani anafikiria jeneza. Mwongozaji alisimama mlangoni akasahau alichofuata. Mwigizaji aliyekuwa amechaguliwa alirudishwa kwao kesho yake, na Mjomba, ambaye alikuwa anasubiri vifungo tu, akawa muuaji.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Mjomba ana kigugumizi. Si kile cha kukwama kidogo kisha ukaendelea. Mbele ya wageni neno humkaba kooni, shingo ikatoa mishipa, na watu wakageuza macho kwa aibu. Ndiyo maana dukani mkewe, mkaza mjomba wangu, ndiye aliyezungumza na wateja wote, na huyo, Mungu alimpa maneno ya watu wawili. Mwongozaji aliposikia Mjomba akipambana na sentensi ya kwanza, alichukua kalamu akakata maneno yote ya muuaji. Akasema, "Asiongee kabisa. Ni afadhali zaidi."

Na kitu kingine alikichukua pale pale dukani. Wateja wa Mjomba walikuwa wanakuja na picha. Wamekata gauni kwenye gazeti, au wameleta picha ya arusi ya mtu, wanasema nishonee hii. Mjomba aliiangalia picha, akailaza kifudifudi mezani, akachukua penseli na kuandika vipimo vya mteja kwa nyuma, ili picha na vipimo visitengane. Mwongozaji aliona mkono ule ukigeuza picha, akamwambia arudie. Akamwambia arudie tena. Basi ikaingia kwenye filamu. Mtu mwenye chuki anakaa mbele ya muuaji, anasukuma picha ya adui yake mezani. Muuaji anaitazama kwa muda mrefu. Kisha anailaza kifudifudi. Hasemi kitu. Maana yake amekubali, na yule wa kwenye picha ni maiti anayetembea.

Nilikwenda kuiangalia siku ya kwanza ilipoonyeshwa. Asubuhi ile nilikuwa nimemwona Mjomba akitafuta miwani iliyokuwa juu ya kichwa chake mwenyewe. Jioni nikamwona ukutani, mkubwa kuliko mlango wa ghala, nusu ya uso ndani ya giza, na mkono wake, ule ule ulionishonea sare za shule, ukatoka kwenye mkono wa koti ukaigeuza picha ya mtu. Ukumbi mzima uliacha kutafuna. Nilimwogopa mjomba wangu wa damu. Nilijua anakula ndizi kwa kumenya hadi mwisho kabla hajauma, nilijua anaogopa mbwa, na bado nilikaa pale nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Sikuwa nimejua kwamba mtu unayemjua anaweza kubeba kitu kikubwa hivyo kwa kunyamaza tu.

Yeye hakuingia ukumbini. Alikaa nje kwenye ngazi, akatusubiri.

Baada ya hapo hakuna aliyemwona tena kuwa fundi. Walisema hawezi kuigiza vile mtu ambaye hajafanya. Walisema alihamia mtaani kwetu akikimbia jambo. Kukanusha kunahitaji maneno, na maneno ndiyo hayo yaliyokuwa hayatoki, kwa hiyo alinyamaza, na kila aliponyamaza walipata ushahidi zaidi. Mkaza mjomba alifaidi. Muuza nyama alimkatia sehemu nzuri bila kuombwa, na kwenye foleni ya maji watu walikumbuka ghafla kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Alikuja nyumbani kwetu akatusimulia mpaka tukavunjika mbavu.

Mjomba hakucheka. Wao hawakujaliwa mtoto, na yeye alipenda watoto kupita kiasi. Zamani aliweka mabaki ya vitambaa kwenye boksi mlangoni ili wapitie kuchukua vya kuwavika midoli. Baada ya filamu watoto walivuka barabara walipofika dukani kwake. Mama zao waliwanyamazisha kwa jina lake: lala, nitamwita Koti. Lile boksi lilikaa mlangoni limejaa. Nilimwona siku moja akilifuta vumbi, na iliniuma sana.

Sasa, siku yenyewe.

Nilikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, nimevaa gauni lililoshikizwa kwa pini mwili mzima. Mkaza mjomba alikuwa ameenda kupeleka sare kwenye shule fulani, na mvua ilikuwa imeanza. Mjomba alikuwa mezani. Nikasikia mtu akiingia, akakung'uta mwavuli, akafunga mlango nyuma yake. Mchana, duka liko wazi, na mtu anafunga mlango. Nikachungulia kwenye upenyo.

Nilimjua. Ni yule mwenye kiwanda cha kupasua mbao karibu na reli, mtu mwenye saa kubwa na salamu ndogo. Hakusalimia. Alitoa picha mfukoni akaisukuma mezani.

Mjomba aliitazama. Ilikuwa picha ya mwanamume aliyevaa suti nyepesi yenye kola pana, na Mjomba, maskini, alitazama kola. Kisha akafanya alichokifanya kwa kila picha iliyowahi kupita juu ya meza ile. Aliilaza kifudifudi na kushika penseli.

Mwenye mbao alishusha pumzi ndefu. "Nilijua," akasema. "Walinicheka nilipouliza kama ni kweli, lakini mimi nilijua."

Mjomba alisubiri kupewa kipimo cha mabega.

"Ni mdogo wangu," mwenye mbao akasema, polepole, kama mtu anayeagiza mbao za urefu fulani. "Yule mwoka mikate. Baba alituachia kile kiwanja chenye tanuri sote wawili, mimi nataka kuuza, yeye hataki kutia saini. Nimembembeleza, nimemtisha. Maji yamenifika shingoni. Anaingia kazini alfajiri, yuko peke yake, mlango wa nyuma haufungi vizuri. Iwe kabla ya Jumapili."

Akaweka bahasha nene juu ya picha.

Niliona shingo ya Mjomba ikitoa mishipa. Nilijua ni neno gani linalotafuta mlango. "Ha... h-h-h..." ndiyo yote yaliyotoka, na midomo yake ikabaki wazi inatetemeka.

Yule mtu aliinua kiganja. "Usijisumbue. Najua huwa husemi." Alichukua mwavuli wake, akafungua mlango, akatoka kwenye mvua na uso wa mtu aliyetua mzigo.

Nilitoka nyuma ya pazia na pini zangu zote. Kwenye mbavu zilinichoma mahali kadhaa nami sikuzisikia. Mjomba alikuwa amesimama vile vile, penseli mkononi, na neno lake likatoka sasa, baada ya mlango kufungwa, zima na safi, kwa sababu mbele yangu huwa hakwami sana. "Hapana," akasema. "Hapana. Hapana."

"Twende polisi," nikamwambia.

Akanitazama, na kabla hajajibu nikaona upumbavu wangu. Mbao za kituo cha polisi zilitoka kwa nani? Na askari wakiona picha ya mtu na bahasha ya pesa mikononi mwa Koti, watamkamata nani? Mwenye mbao atasema hajawahi kukanyaga duka hili. Mimi nitakuwa mpwa wa mtuhumiwa. Na mwoka mikate atabaki peke yake alfajiri na mlango usiofungika.

"Basi tukae kimya," nikasema. "Usipofanya, atakasirika, atachukua pesa yake, yamekwisha."

"A-atatafuta mwingine," Mjomba akasema. Hilo lilikuwa kweli, na wengine wapo ambao si mafundi cherehani.

Aliigeuza picha, akaisogeza karibu na dirisha. Akaniita kwa kidole. Picha ilikuwa imekatwa kwa mkasi upande mmoja, na kwa kuwa aliyeikata hakuwa mtu wa mkasi, mstari ulikuwa umepinda. Kwenye bega la mwoka mikate, pale kwenye ncha ya picha, kulikuwa na vidole vya mtoto. Vidole vinne vidogo vimeshika suti. Mtoto mwenyewe alikuwa ameachwa upande uliotupwa.

Mjomba aliviangalia vile vidole kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia picha yoyote kwenye filamu. Kisha akaenda kwenye msumari na kuchukua koti. Ndilo alilolipwa kwa kazi ile, na ndilo koti pekee alilokuwa nalo, na nje mvua ilikuwa inanyesha. Hakufikiria zaidi ya hapo. Mimi nilivaa kanga juu ya pini nikamfuata.

Fikiria sasa mwoka mikate. Amemaliza mauzo ya siku, anaoka mikate ya mwisho, yuko peke yake anasugua trei. Mlango unafunguliwa na mlangoni anasimama Koti, mrefu, mweusi, maji yanamdondoka, hasemi kitu.

Trei ilimponyoka ikagonga sakafu. Mimi nilikuwa nimezuiwa nyuma na mgongo wa Mjomba, naona kwa chini ya kwapa lake. Mwoka mikate alirudi nyuma mpaka akagusa magunia ya unga, akakaa. Alikuwa mtu mfupi, mnene kidogo, mweupe wa unga mpaka kwenye kope. Hakupiga kelele. Alimtazama Mjomba, kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Ni kaka, sivyo?"

Mjomba alijaribu. Mungu ni shahidi alijaribu. Nilisikia hewa ikigonga kooni mwake, "M-m-m," na kila alivyozidi kujaribu ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa ule wa ukutani.

"Nilijua atafika huku," mwoka mikate akasema. "Sikujua atakutuma wewe." Akajipangusa mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Nakuomba kitu kimoja tu. Niache nitoe ile mikate. Ikiungua moshi utaingia darini, na binti yangu amelala huko juu."

Nilifungua mdomo niseme. Ulimi wangu mimi haujawahi kukosa kazi, na hapa palikuwa mahali pake. Mjomba alinyoosha mkono nyuma akanizuia bila kugeuka. Nilikasirika. Niliona kiburi tu, wakati kama huu.

Lakini hakikuwa kiburi. Alivua koti. Akalitundika kwenye msumari karibu na mlango. Chini ya koti alikuwa kama alivyotoka dukani: kizibao cha kazini kilichojaa pini na sindano zenye nyuzi, chaki sikioni, na futi ya kupimia imening'inia shingoni hadi kiunoni. Alikunja mikono ya shati, akaokota matambara mazito juu ya meza, akaenda kwenye tanuri akafungua mlango. Akaanza kutoa mikate.

Mwoka mikate alimtazama akitoa trei ya kwanza. Akatazama futi. Akatazama pini. Mjomba aliunguza kidole akakitia mdomoni kama mtoto, na hapo mwoka mikate akaanza kucheka, kicheko kikakatika, kikawa kilio, akalia amekaa juu ya gunia huku machozi yakichimba njia kwenye unga wa mashavuni. "Wewe ni fundi," akasema. "Jamani, wewe ni fundi tu."

Ndipo nikaruhusiwa kusema, nami nikasema yote.

Nilidhani sasa tutamficha mtu huyu na bintiye kwa ndugu fulani, mbali. Mjomba alitikisa kichwa. Alinieleza kwa shida, mimi nikimsaidia mahali anapokwama: mtu akijificha, kaka yake atasubiri. Lazima jambo hili lisemwe mchana, mbele ya watu, na mwenyewe alikuwa anakwenda kulisema. Nilimwambia, "Mjomba, nani atasema? Wewe?" Nilijuta mara tu lilipotoka. Yeye alinitazama bila hasira akasema, "Mi-mimi."

Alikwenda bila koti. Mvua ilikuwa imepungua. Tulimfuata, mimi na mwoka mikate, ambaye alimfungia bintiye chumbani kwa jirani kwanza.

Kiwanda cha mbao kilikuwa katikati ya kazi. Msumeno mkubwa ulikuwa unalia, watu wanabeba, vumbi la mbao limejaa hewani. Mwenye mbao alikuwa mezani kwake chini ya paa la bati. Tulisimama nyuma ya rundo la mbao, yeye hakutuona. Alimwona Mjomba tu, akija moja kwa moja, mwembamba, amelowa, futi inamning'inia.

Mjomba alifika mezani. Akatoa bahasha, akaiweka. Akatoa picha, akaiweka juu yake. Uso juu.

Nimeona sherehe, nimeona watu wakubwa wakipita barabarani na ving'ora, na sijawahi kuona kitu kikubwa kama mkono ule ukiachia picha ile. Mwenye mbao aliitazama. Alipoteza rangi. Akasimama, akaanza kufoka, na kwa sababu ya kelele za msumeno alilazimika kupaza sauti ili asikike hata na mtu aliye mbele yake. Mfanyakazi wa msumeno alikuwa ameinua macho, akamwona Koti, na kwa woga mkono wake ukaenda kwenye swichi. Msumeno ukanyamaza. Sauti ya tajiri ikabaki peke yake hewani.

"...lakini uliigeuza! Uliigeuza mbele yangu! Ukiigeuza si umekubali kumuua?"

Hakuna aliyesogea. Mtu aliyekuwa na ubao begani alibaki na ubao begani. Mwenye mbao alisikia mwenyewe alichosema, na mdomo wake ukabaki wazi.

Na hapo Mjomba akasema.

"Ka... ka-kaka," akaanza. Ilichukua muda. Mishipa ilitoka, kichwa kikavutwa upande, jicho moja likafumba. Mtaa mzima haukuwa umewahi kuisikia sauti hii. Walijua tu kwamba siku itakaposikika itakuwa nzito na ya kuua. Ilikuwa nyembamba kidogo. "Mi-mi-mimi ni fu... fu-fundi. Fundi che... che-che-cherehani." Akameza mate. Nilikuwa nimeuma ngumi yangu. Nilitaka kummalizia kila neno, kama tulivyommalizia maisha yake yote, mkewe na mimi na kila mtu, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba tulikuwa tukimnyang'anya. "Na-nageuza pi-picha zo-zote."

Hakuna aliyecheka. Watu wale wa mbao, wenye matusi mepesi na mikono mizito, walimsubiri mpaka neno la mwisho likatua. Mtu aliyeogopwa miaka yote kwa kunyamaza alisimama pale akajivua heshima ile mwenyewe, akawapa watu kigugumizi chake mchana kweupe, ili mwoka mikate asife. Ningemwona mtu akitembea juu ya maji nisingeshangaa zaidi.

Mwoka mikate alitoka nyuma ya mbao. Kaka yake alipomwona alikaa chini, si kwenye kiti. Mfanyakazi wa msumeno ndiye aliyekwenda kuita polisi, na walipokuja walikuta mashahidi wengi kuliko nafasi ya gari lao. Tajiri alipelekwa na baadaye akafungwa. Mbao za kituo hazikumsaidia.

Mkaza mjomba aliporudi kutoka shuleni na kusimuliwa, alikaa kimya kwa muda, jambo lililotutisha. Kisha akasema, "Siku moja tu nimewaacha. Siku moja. Mmecheza filamu nzima mimi sipo." Halafu akaingia jikoni akalia, tukasikia sufuria zikigongwa ili tusisikie.

Wiki ile ile Mjomba alilishusha koti, ambalo mwoka mikate alikuwa amelirudisha, kutoka msumarini akalilaza mezani. Nilidhani anataka kulipiga pasi. Alichukua wembe mdogo akaanza kulifumua, mshono mmoja baada ya mwingine, mishono aliyoishona mwenyewe, mpaka likawa vipande. Kitambaa kilikuwa bado kizuri. Mwoka mikate aliletewa ujumbe aje na bintiye.

Mtoto alikuja, amejificha nyuma ya suruali ya baba yake, jicho moja linaonekana. Alikuwa ameisikia ile habari ya lala, nitamwita Koti, kama watoto wote. Mjomba alipiga magoti kwenye vumbi la chaki. Hakumvuta. Alinyoosha futi sakafuni kati yao, akasubiri, kama walivyomsubiri yeye wale watu wa mbao. Ilimchukua mtoto muda. Kisha akatoka, akanyoosha mkono wake wa kulia mwenyewe, na Mjomba akampima, kutoka begani hadi kwenye kifundo, na akapita pole pole juu ya vile vidole vinne nilivyoviona kwenye picha, na cha tano ambacho mkasi wa baba yake mkubwa ulikuwa umekikata pichani.

Koti lilipokwisha, mtoto alilivaa dukani. Lilimpendeza, ila mikono ilikuwa imekunjwa kwa ndani, pindo nene, na mishono ya pembeni imeachwa mipana kwa ndani. Mkaza mjomba aliligeuza akaona.

"Mbona umeacha kitambaa kingi hivi?" akauliza. "Si ungelikata tu."

Nilifungua mdomo nimjibie, nikaufunga. Mkaza mjomba naye alisubiri. Mtoto alikuwa ameshachutama mlangoni, amezamisha mikono kwenye boksi la vitambaa. Mjomba alimtazama, akafunga uzi, akaukata kwa meno.

"A-a-atakua," akasema.